Jumatano Ni Siku ya Chuo

Kila jioni mjukuu wangu Leanne akitoka kazini, huvua buti mlangoni na kunitania. "Bibi, chai iko wapi? Au nayo imestaafu?"

Tunaishi wawili hapa Burnley, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Leanne ni mwanagenzi wa uhandisi. Siku nne hufanya kazi katika karakana ya gia. Jumatano husoma chuo kikuu. Kampuni humpa mshahara, na ada ya chuo hailipi yeye. Akimaliza atapata shahada.

Baridi ilipoanza, utani uliisha. Jioni moja nilimpakulia pai ya nyama na viazi. Nikageuka kuchukua chumvi. Kurudi, amelala mezani, uma mkononi.

"Leanne, mwanangu, unaumwa?"

"Niko sawa, Bibi."

Hapa kwetu hilo ndilo jibu la kila mtu. Hata aliyevunjika mguu atakwambia yuko sawa, wapo walioumia zaidi.

Mara kengele ikalia. Alikuwa Shazia, jirani yetu, na sahani ya sambusa. Mama yake akipika, hukumbuka kutuletea. Shazia naye alikuwa mwanagenzi kama Leanne. Sasa ni mhandisi kamili.

"We msichana," alisema, "uso huo umeuokota wapi?"

Leanne akacheka kidogo. Kisha akalia.

"Nimefeli mtihani wa hesabu. Kesho kuna kikao cha maendeleo. Nitawaambia naacha chuo, nibaki na kazi tu."

Shazia akavuta kiti. "Ukiacha chuo, uanagenzi umekwisha. Na kazi inaweza kwenda nayo. Jumatano unasoma kweli?"

Leanne aliangalia sambusa. "Jumatano niko karakana. Tangu Neville aumie mgongo, watu ni wachache. Msimamizi wangu, Garth, huniuliza kama naweza kuja. Nitasemaje hapana?"

"Kwa mdomo," Shazia akasema.

Nikacheka. Leanne hakucheka.

"Sikiliza, mdogo wangu," Shazia akaendelea kwa upole. "Jumatano si zawadi ya Garth. Kusoma ni sehemu ya kazi yako, ndani ya saa unazolipwa. Ndivyo mkataba wa uanagenzi unavyosema. Siku hiyo ikichukuliwa, lazima upewe muda mwingine. Lakini Garth hasomi mawazo. Kikao hicho ni chenu watatu: wewe, yeye na mwalimu wa chuo. Hapo ndipo pa kusema."

"Wataniona mvivu."

"Mvivu halali na uma mkononi," nikamwambia. "Kula kwanza."

Kesho yake nilikaa dirishani mpaka nikamwona anakuja. Alinisimulia kabla hajavua buti.

Garth alianza kama kawaida: "Haya, binti, uko sawa?" Mdomo wa Leanne ulikuwa tayari kusema ndiyo. Akajikaza.

"Hapana, Garth. Siko sawa. Nazihitaji Jumatano zangu."

Garth alimgeukia. "Mbona hukusema? Nimekuuliza kila wiki!"

"Nikakujibu niko sawa."

"Na mimi nikaamini, kwa kuwa ilinifaa," akasema Garth. "Kosa langu. Mashine ya Jumatano nitaishika mwenyewe mpaka Neville apone."

Mwalimu akapanga masomo aliyoyakosa yafidiwe saa za kazi, na mtihani arudie masika. Tena akamshauri achukue gia inayopata joto kupita kiasi pale karakana, aifanye kuwa mradi wake wa chuo. Kazi ikaanza kusaidia masomo.

Haikuwa rahisi. Leanne bado alirudi amechoka. Lakini Jumatano alikwenda chuo, na Jumapili alipumzika, nami nilihakikisha.

Jumatano moja asubuhi simu ya Leanne iliita. Alikuwa Garth. Niliweka kikombe chini.

"Anataka nini?"

Leanne alikuwa anafunga mkoba. "Anauliza kama nimeshatoka. Anasema akiniona karakana leo, atanitoa kwa ufagio!"

Masika akarudia mtihani. Siku ya matokeo aliingia, akaketi bila kuvua buti.

"Uko sawa?" nikamuuliza.

Alifikiri kwanza. Sasa hufanya hivyo.

"Miguu inauma, Bibi. Nina njaa. Na nimefaulu." Akanyoosha mkono. "Chai iko wapi? Au nayo imestaafu?"