Maji ya Kisima cha Fundi Betri

Fundi betri hakuwa na mchezo na maji. Mteja akimletea betri ya gari aliyoijaza maji ya bomba, alimsema mpaka mtu akajuta kufika.

"Betri inataka maji ya betri, yale ya dukani!" alifoka. "Haya mengine yana madini. Yanaiua."

Karakana yake ilikuwa uani kwake. Betri zilizokufa alizipasua kwa shoka, akatoa sahani za risasi, yaani yale madini mazito yaliyomo ndani, akaziuza. Tindikali aliimwaga nyuma ya choo. Hatua kumi kutoka hapo kulikuwa na kisima. Nyumba nne zilichota humo.

Mkewe aliyachuja maji hayo kwa kitambaa na mchanga, kisha akayachemsha. Yalikuwa maangavu, na yeye aliyaonea fahari.

Binti yao wa miaka mitano aliitwa Kidomo, maana hakujua kunyamaza. Mwaka huo akaanza kunyamaza. Tumbo lilimsokota. Alipauka. Alikuwa ameshajua kuhesabu mpaka ishirini. Sasa akifika saba anakwama, anamtazama mama yake.

"Ni minyoo," alisema baba, akanunua dawa. Wiki iliyofuata akasema mtoto anadeka tu. Moyoni alikuwa na hofu kubwa.

Jumamosi moja jirani yao, mwalimu wa kemia, alikuja kumjulia hali mtoto. Akamkuta mama anamnywesha maji.

"Dada, haya maji ni ya wapi?"

"Ya kisimani, mwalimu. Lakini nayachuja, nayachemsha. Hebu ona yalivyo safi."

Mwalimu hakubishana. Aliomba chumvi na chupa mpya ya maji ya betri, yale ya dukani yasiyo na tindikali, akaikoroga chumvi kwenye glasi ya maji hayo mpaka ikapotea. Akayachuja kwa kitambaa kilekile cha mama.

"Onja kidogo."

"Mh! Chumvi bado imo."

"Umechuja, si umechuja? Kitambaa na mchanga hushika uchafu unaoelea. Kitu kilichoyeyuka hupita. Na kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakutoi madini. Maji yanapungua, madini yanabaki palepale."

Fundi aliingia, mikono myeusi. "Mwalimu, leo darasa umelihamishia jikoni kwangu?"

"Karibu, mwanafunzi. Nawa kwanza."

Mwalimu aliweka sufuria ya maji jikoni, na juu yake visahani viwili vya bati. Kimoja akakitia kijiko cha maji ya betri, cha pili kijiko cha maji ya kisima yaliyochujwa. Wakasubiri mpaka vyote vikakauka kwa mvuke. Kisahani cha kwanza kilikuwa kitupu. Cha pili kilikuwa na utando mweupe.

"Maji ya betri yamegeuzwa mvuke kiwandani, mvuke ukapozwa ukawa maji tena," alisema mwalimu. "Madini yameachwa nyuma. Ndiyo maana hayabakishi kitu. Haya ya kisima si maji matupu."

"Ni sumu?" aliuliza mama.

"Utando hausemi ni madini gani. Visima vingi vinabakisha utando, na si vyote vibaya. Lakini hapa inamwagwa tindikali ya betri, nayo hubeba risasi. Mtoto apimwe damu, na maji yapelekwe maabara. Mpaka majibu yatoke, msinywe."

Mama alimgeukia mumewe. "Betri unazinunulia maji. Mwanangu nimempa haya kwa mkono wangu."

Fundi alikaa chini.

Majibu yalitoka baada ya siku tisa. Risasi ilikuwa kwenye maji, na kwenye damu ya Kidomo ilikuwa nyingi. Daktari alisema hata vumbi la nguo za kazi lilichangia, maana baba alikuwa akimbeba mtoto kabla ya kuoga.

"Atapona?" aliuliza fundi.

"Tutaipunguza risasi. Alichokwisha kupoteza, siwezi kuahidi kitarudi."

Fundi aliacha kupasua betri. Alizipeleka nzima kwa wanunuzi wenye kiwanda. Maafisa wa afya walikuja wakauchimba udongo wa nyuma ya choo, wakauchukua. Maji ya kunywa yakawa yanatoka bombani, barabara ya pili. Baada ya miezi sita risasi kwenye damu ya Kidomo ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Tumbo lilitulia. Alianza kula. Kuhesabu alianza upya, polepole, na mama yake hakumharakisha.

Lakini kabla ya hayo yote, jioni ileile ya majibu, fundi alikifunika kisima kwa mbao, akazipigilia misumari. Majirani walitoka na ndoo zao, wamekasirika.

"Fundi, unatunyima maji?"

Angeweza kusema kisima kimebomoka. Aliishusha nyundo.

"Wapelekeni watoto wakapimwe damu," alisema. "Wote. Kisima kina sumu ya betri, na mimi ndiye niliyeimwaga."

Mama mmoja aliiweka ndoo chini, akambeba mwanawe, akaanza kukimbia kuelekea hospitali.