Taa ya Upande wa Asgerdur

Sogeeni karibu, enyi kusanyiko, wazee kwa vijana. Anayenong'ona na anyamaze. Mwenye mume au mke ubavuni na amshike mkono, maana habari hii inawahusu kuliko mnavyodhani.

Katika mji wa Isafjordur, kule Aisilandi, ambako milima hulificha jua tangu Novemba hadi Januari inapokwisha, mzee Steingrimur aliamka asubuhi ya mwaka mpya akakuta taa ya kitandani, upande wa mkewe, ina joto. Alikuwa ameizima kabla ya kulala. Na mkewe, Asgerdur, alikuwa amezikwa tangu Oktoba.

Sikieni kwanza jinsi taa ile ilivyofika pale.

Wawili hao walilala kitanda kimoja, kila mtu na blanketi lake, kama ilivyo kawaida huko. Kila jioni Asgerdur alimsomea mumewe Maandiko kwa sauti. Chumba kilikuwa na balbu moja tu darini, na swichi yake iko mlangoni. Akaomba taa ndogo ya kusomea. Steingrimur akasema, "Kesho." Kesho hiyo ikawa miaka tisa. Hatimaye, jioni moja ya uchovu, akageukia ukuta akasema, "Zima hiyo taa, bibi wee. Mungu anakuona hata gizani."

Asgerdur akazima. Tangu siku ile hakumsomea tena. Alikaa jikoni akisoma peke yake, akirudi kitandani miguu imeganda kwa baridi; na huko jikoni ndiko alikofia, kitini, Kitabu kimefunguka mapajani, mumewe akiwa amelala fofofo mwendo wa hatua kumi.

Ee Bwana, kama ungezihesabu kesho zetu, ni nani angesimama?

Desemba, mkewe akiwa kaburini, Steingrimur akaenda dukani kununua taa ya kusomea. Muuzaji, Kolbeinn, alikuwa mgeni pale mjini. Habari za msiba hakuwa nazo.

"Mnalala wawili, mzee?"

Steingrimur akazitazama taa rafuni. "Wawili."

"Na msomaji ni nani?"

"Mke wangu."

"Basi achana na hii nyeupe, mtajiona mko kwa daktari wa meno. Chukua ya manjano, yenye shingo ya kupinda. Swichi hii hapa. Mama anazima bila kutoa hata kidole nje ya blanketi, nawe unakoroma zako kwa raha."

"Hajawahi kunilaumu kwa kukoroma."

"Mwongo wee! Wote wanalaumu." Kolbeinn akacheka, akaifunga taa kwenye karatasi. "Mpelekee. Leo utapikiwa."

Nyumbani, kabla ya kutoboa ukuta, Steingrimur aliketi upande wa mkewe, akaegemea mto wake, akapima kwa kiganja mahali bega la mkewe lilipokuwa likifika, ili mwanga uangukie kitabu na usiguse macho ya anayelala kando. Akatoboa zege kwa drili, akakaza skrubu mbili, akawasha. Ukurasa ukang'aa, mto wake mwenyewe ukabaki kivulini. Akatazama saa. Kazi yote ilikuwa ya dakika arobaini. Akaketi sakafuni, drili mapajani, akalia kama mtoto.

Sasa, watu wa huko wana desturi. Siku ya mwisho ya mwaka, kabla kengele za ibada ya saa kumi na mbili jioni hazijalia redioni, mwenye nyumba huwasha taa za vyumba vyote na kuzunguka akiwaambia watu waliofichika, ambao sisi twawaita majini: anayetaka kuja na aje, anayetaka kwenda na aende, pasipo madhara kwangu na kwa walio wangu. Wengi huyasema maneno hayo kwa mzaha. Steingrimur aliyasema mbele ya taa ile mpya. "Anayetaka kuja na aje," akasema. Neno la kwenda hakulitamka. Angewezaje kumwambia Asgerdur aende? Akaketi kitandani kungoja.

Naam, kitu kikaja. Siku ya tatu ya mwaka, saa nne asubuhi na nje bado giza, alisikia kurasa zikifunuliwa upande wa pili, akanusa sufu iliyolowa na mwani uliooza, kisha sauti ya Asgerdur ikaanza kumsomea Maandiko taratibu kama zamani, ila kila ilipofika penye Jina la Bwana ilinyamaza, ikavuta pumzi ndefu mno kuliko pafu la mwanadamu, ikaruka neno hilo na kuendelea, naye aliligundua jambo hilo tangu mstari wa kwanza lakini akajifanya hakusikia, kwa kuwa alikuwa na kiu ya sauti ile, na kila asubuhi ubaridi ulipozidi kumsukuma na sauti kumwambia "Sogea," alisogea, akasogea tena, mpaka akabaki amelala kwenye ukingo wa kitanda, ndipo ilipomwambia kwa upole, "Nenda jikoni. Kaa kitini pangu. Fungua dirisha, usubiri kama mimi."

Akatii.

Siku ya kumi na mbili binti yake, Eydis, aliwasili kutoka kusini kwa sababu baba hakupokea simu. Alimkuta kitini na shati jepesi, midomo ya buluu, theluji ikimwangukia magotini.

"Baba! Unataka kufa?"

"Shh, mwanangu. Mama anasoma."

Eydis akafunga dirisha, akamfunika koti lake, ndipo akaisikia na yeye sauti ile. Akamtafuta mchungaji kwa simu, akinong'ona.

Mchungaji Hallbera, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, alivua viatu mlangoni kama adabu inavyotaka, akaingia chumbani na soksi zake za sufu. Wote watatu wakasimama mbele ya kitanda. Upande wa Asgerdur mto ulikuwa umebonyea, na sauti ilikuwa ikisoma huku ikiliruka Jina.

"Steingrimur, yale maneno ya mwisho wa mwaka uliyamaliza?"

"Nusu."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Nikiyamaliza atakwenda."

"Basi mwambie alitaje Jina. Mara moja tu. Akilitaja nitavaa viatu vyangu nikuache naye."

Mzee akaugeukia mto. "Mpenzi wangu," akasema, "soma hapo uliporuka."

Kitanda kikalia. Kisha kile kitu kikajibu, wala si kwa sauti ya Asgerdur tena, bali kwa sauti ya Steingrimur mwenyewe, kavu, yenye usingizi: "Zima hiyo taa, bibi wee."

Eydis akaziba mdomo. Alikuwa hajawahi kuambiwa kwamba baba alimjibu mama hivyo.

Steingrimur akaanguka magotini. "Anayetaka kwenda," akasema, kila neno likitoka kama jino linalong'olewa, "na aende. Pasipo madhara kwa mwanangu."

Mto ukaumuka polepole, kana kwamba mtu ameinua kichwa. Uvundo ukapita mbele ya nyuso zao, mlango wa nje ukafunguka, upepo ukaingia na theluji. Taa ikaendelea kuwaka juu ya shuka tupu.

Hallbera akamshukuru Mungu kwa sauti. Mzee hakuinuka.

"Je, Asgerdur amenisamehe?"

"Rehema ya Mungu naijua, haina kikomo, nami nakuahidi hiyo," akasema Hallbera, akapiga magoti kando yake. "Neno la mkeo mwenyewe siwezi kukupa. Hutalisikia upande huu wa kaburi."

Ndipo akaomboleza kweli, binti yake amemkumbatia, kwa kuwa siku ile ndiyo aliyofiwa.

Nawe unayenisikia, usiondoke hapa na kesho yako mkononi. Yupo mtu nyumbani kwako aliyekuomba kitu kidogo, ukamjibu vibaya, akanyamaza. Nawe ukaudhani unyamavu ule kuwa ni amani. Tubu. Nenda kwake kabla hajalala, umwambie, "Nimekosa. Rudia, uliniomba nini?" Kisha vaa viatu, ukakitafute.