Mwezi wa Amesemi

Kivuli cha nguzo ya hekalu hatua tisa.

Chumba cha nyuma cha mpika pombe kilinuka mtama uliochacha. Wayeki alichora hekalu kwa kidole kwenye majivu.

"Leo mungu wetu Apedemak anatembezwa mabegani. Makuhani wote nyuma yake. Mkewe Amesemi anabaki ndani, mwezi wa dhahabu kichwani. Lapakhi, wewe ndiye mfua nguo zao. Nani atakuuliza?"

"Hakuna, kaka."

"Uung'oe, uutie mtungini chini ya nguo. Kivuli cha nguzo kikifika hatua tatu, uwe uwanjani na sisi."

"Na wakigundua?"

Maloton akacheka. Alikuwa mmoja wa wabebaji wanane wa mungu. Bega lake lilikuwa limeota sugu.

"Watamuuliza mungu. Akimwinamia mtu, huyo chakula cha simba. Sasa mungu anainama kwa bega la nani? Langu mimi. Namwinamishia yule bawabu mlevi, basi."

"Bawabu ana watoto."

"Nikuinamishie wewe?"

"Koma," Wayeki alisema. "Huyo ni dada yangu."

Lapakhi hakuwa na ndugu mwingine duniani.

Kivuli hatua sita.

Ngoma ziliposogea mbali, Lapakhi aliingia hekaluni. Mwezi ulikataa kung'oka. Akauvuta kwa mikono miwili. Sikio la mungu wa kike likavunjika nao.

"Nisamehe, mama."

Akakifukia kila kitu mtungini chini ya nguo mbichi na kutoka. Bawabu akampisha njia.

Kivuli hatua tatu.

Msafara ulirudi. Muda si muda, mayowe yakatoka ndani. Kuhani mkuu akawasimamisha wabebaji katikati ya uwanja. Watu wakapiga magoti.

"Bwana wa simba, mwizi ni nani?"

Mungu akaanza kutembea juu ya mabega. Akamfikia bawabu. Akampita. Akaja polepole mpaka mbele ya Wayeki, akainama.

Lapakhi akamtazama Maloton. Yule akatabasamu kidogo, midomo ikisema bila sauti: mwezi sasa ni wetu wawili.

Askari wakamdaka Wayeki. Hakumtaja mtu. Hata kumtazama dada yake hakumtazama, wasije wakafuata macho yake.

Lapakhi akaubwaga mtungi chini. Ukapasuka. Dhahabu ikamwagika matopeni.

"Nimeiba mimi! Mwachieni! Maloton kamsukuma mungu, muulizeni!"

Maloton akabadilika rangi.

Kuhani mkuu aliinama, akauokota mwezi, akaupangusa matope taratibu. Alimtazama Maloton kwa muda mrefu. Akautazama umati uliopiga magoti.

"Mungu hasukumwi, binti."

"Lakini mwizi ni mimi!"

"Mungu kamtaja mmoja. Wewe hukutajwa."

"Kaka!"

"Nyamaza, mdogo wangu," Wayeki alisema huku wakimburuta kuelekea ua wa simba. "Usije ukawabadilisha mawazo."

Kuhani akapiga makofi mawili. Wabebaji wote wanane, Maloton akiwemo, wakajitwika mungu wao tena, wakamrudisha ndani kwa mkewe.