Salamu za Mtoto Gitobu

Alhamisi tarehe 14 Oktoba 1999, saa nane u nusu mchana, Cicily alirudi studio yake ya picha mjini Meru kutoka lanchi, akakuta albamu imekufa. Si ile ya karatasi. Ni ile ya intaneti, ambayo watu wa Meru walio ng'ambo hufungua kuona harusi walizokosa. Picha mia tatu na kumi na mbili, kazi ya miezi sita, zote zimefutwa. Mbele ya kompyuta alikuwa amekaa Mzee Bundi, aliyemwoshea picha kwa miaka kumi na minane, akila mhogo.

Ijumaa saa tatu asubuhi akafika Mukiri kutoka Runyenjes, fundi aliyemtengenezea albamu hiyo.

"Mama Tabby, mhogo haufuti picha," akasema. "Labda uwe mbichi."

Cicily hakucheka. "Paswadi tunajua mimi na yeye. Nilimwachia albamu ikiwa wazi. Na hiyo kompyuta hajaipenda tangu siku ya kwanza. Saa sita naita polisi."

"Mimi nilikuwa nimekaa tu," Bundi akasema kutoka mlango wa chumba cha giza. "Hicho kiti ndicho kina mto."

Mukiri akaingia humo. Kwenye kamba kulikuwa na picha zikikauka, za mtoto mchanga, mjukuu wa Cicily kwa bintiye Tabby, aliyezaliwa Jumatano. Pembeni Bundi alikuwa ameandika kwa mkono: Karibu Muthamia.

"Ni zawadi ya Tabby," Bundi akasema. "Kifungua mimba wa kiume si hubeba jina la babu, upande wa baba? Na babu ni Muthamia."

Saa nne na robo Mukiri akampigia simu jamaa wa Nairobi aliyekuwa na mtambo wa kuhifadhi albamu. Jibu likaja: picha zilifutwa saa nane na dakika tano, kwa tiketi ya Cicily, lakini kupitia laini ya simu ya Embu.

"Basi ni Vincent," Cicily akasema. "Yule wa studio ya Embu anayeninyang'anya harusi. Bundi amempa paswadi."

"Paswadi haikuguswa. Ukishaingia, albamu inakupa tiketi, kama ile ya getini, isikuulize paswadi kila dakika. Mtu ameiba hiyo tiketi. Kabla ya lanchi ulifungua nini?"

"Salamu tu. Kiogora, ndugu yangu wa Texas, aliandika kwenye kisanduku cha salamu, chini ya picha ya harusi ya Tabby. Nilisoma mara tatu nikalia."

Mukiri akasoma: Hongera Tabby kwa kumpata Gitobu mdogo, Mungu amlinde. Kisha akabonyeza aone ukurasa ulivyo kwa ndani. Baada ya neno la mwisho kulikuwa na mistari mitano ya amri, isiyoonekana na msomaji: chukua tiketi ya huyu anayesoma, ipeleke kwingine. Kompyuta ya Cicily ilidhani ni albamu yenyewe imesema, ikatii.

Mukiri akashika simu. Akapiga Nairobi tena. Salamu nazo zilitoka laini ile ile ya Embu, Alhamisi saa tano asubuhi. Kiogora hakuandika kitu; mtu aliazima jina lake.

"Mama Tabby, kwani mtoto ni Gitobu?"

"Ndiyo. Mzee Muthamia ana wajukuu wawili wa jina lake waliozikwa wachanga. Akatuma neno kwamba jina lake lipumzike, mtoto aitwe jina la rafiki yake Gitobu. Tulikubaliana juzi hospitalini. Watu wataambiwa Jumapili kanisani. Kiogora nilidhani Tabby amempigia."

"Chumbani mlikuwa nani na nani?"

"Tabby, bwanake, mimi. Na Nyamu, aliyetupeleka na pikapu."

Mukiri akavuta kiti akakaa. Yeye na Nyamu walitengeneza albamu hiyo pamoja kule Kibugu, Embu, ambako Nyamu bado anakaa: kompyuta moja, sufuria moja ya maharagwe.

Saa sita kasoro dakika kumi Nyamu akaingia na boksi la disketi. "Mama Tabby, pangusa machozi. Niliweka kopi ya picha zote."

"Habari za Texas?" Mukiri akamuuliza.

"Texas gani?"

"Bundi amemwandikia mtoto Muthamia mpaka leo. Vincent hajui hata kama amezaliwa. Mimi nimeambiwa jina saa hii. Salamu zimetoka Embu zikiwa na jina Gitobu ndani, na wa Embu aliyekuwa chumbani ni wewe."

Nyamu akaweka boksi chini polepole. "Nilikuwa nizirudishe leo."

"Na Bundi alale selo?"

"Hiyo ya Bundi nimesikia jana jioni."

"Ukanyamaza."

"Fungua hiyo albamu, Mukiri, soma chini kabisa. Imetengenezwa na Mukiri. Basi. Miaka miwili ya Kibugu mimi nilikuwa wapi? Nilitaka mara moja isemwe ni mimi nimeokoa kazi." Akamgeukia Cicily. "Na hilo shimo la kisanduku cha salamu nilimwonyesha huyu Mukiri mwezi wa Agosti, kwa mistari hiyo hiyo mitano. Akaniambia wazee wa Meru wakiandika amri, itakuwa ya kuletewa miraa. Tukacheka tukaenda chai."

"Ulijua?" Cicily akamuuliza Mukiri.

Mukiri akatafuta mzaha, akakosa. "Nilijua."

Bundi akatoka chumba cha giza, akavua aproni, akaikunja, akaiweka mezani. Alipofika kwa Mukiri akasimama.

"Huyu simjui sana," akasema akimwonyesha Nyamu kwa kidevu. "Lakini wewe asubuhi umenitetea kwa kicheko, na mlango alioingilia ni wewe uliuacha wazi."

Akatoka. Cicily akamfuata mbio barabarani akimwita. Ndani wakabaki wawili na boksi la disketi, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa.