Ekari Mbili Zilizosubiri Machi

Jumamosi ya mwisho wa Oktoba, stationeri ya Redempta karibu na soko kuu la Singida ilijaa watu hadi mlangoni. Umeme ulikatika tangu asubuhi, na uliporudi kila mwenye karatasi ya kutoa kopi alitaka yeye ndiye aanze. Mwalimu Asnath alikuwa kwenye foleni hiyo, gauni lake la kitenge cha rangi ya chungwa limemkaa vizuri kiunoni, mkoba begani umejaa madaftari. Alitoka Ikungi alfajiri kuja kuchapa zoezi la jiografia la kidato cha pili. Nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, ila mikono yake ilinukia mafuta ya alizeti hata kabla hujamtazama. Walisalimiana kama watu wa foleni wanavyosalimiana, wakalalamikia umeme pamoja, basi.

Redempta na haraka zake aliwabadilishia bahasha. Asnath alifika Ikungi, akaifungua yake mbele ya mwalimu mwenzake Jenipher, akakuta lebo mia mbili za chupa: Mafuta Safi ya Alizeti, Chediel, Iguguno. Chini yake palikuwa na namba ya simu. Jenipher alicheka mpaka akakaa chini. Asnath akapiga.

"Wewe ndiye Chediel wa mafuta?"

"Ndiye mimi. Na wewe ndiye mwalimu wa mito na mabonde."

"Karatasi zangu ziko salama?"

"Ziko salama. Ila nakala moja nimeifanya kwa penseli. Ungenisahihishia, mwalimu, nijue kama ningefaulu."

Jumamosi iliyofuata walikutana mjini kubadilishana mizigo. Asnath alisahihisha ile karatasi juu ya meza ya hoteli, sahani ya kuku wa kienyeji pembeni, akampa saba kwa kumi. Chediel aliitazama ile alama kwa muda mrefu. Baba yake alifariki yeye akiwa kidato cha pili, akaacha shule, akabaki na mama, shamba, na mashine ya kukamua alizeti. Alisema hajawahi kupewa saba na mwalimu yeyote. Asnath alimwambia asijisifu mapema, swali la nne alikuwa ameliharibu vibaya. Wakacheka. Kufika jioni Asnath alikuwa ameshampenda, ingawa alijidai hajui, na ukimwuliza angekuambia alifuata karatasi tu.

Tangu hapo simu haikupoa. Asnath alimwita Bwana Alizeti. Chediel alimwita mwalimu, mwalimu wangu, mwalimu mpenzi, kila jina isipokuwa lake. Asnath aliona ni utani mtamu. Hakujiuliza kwa nini.

Kazini nako Asnath alikuwa ameshikwa na penzi jingine. Alikuwa na wanafunzi mia moja na sitini na mikono miwili. Mwaka ule waliitwa kwenye semina ya siku tatu kuhusu akili mnemba, hizi programu za simu unazoziuliza jambo zikakujibu kama mtu. Walimu wengi walipiga miayo wakisubiri chai. Asnath alirudi nayo nyumbani. Wiki za kwanza alikuwa ananakili tu maswali. Baadaye akajifunza kuiomba imweleze jambo moja kwa njia tatu, ya tatu kwa mtoto aliyekata tamaa, na watoto ambao tangu Januari hawakuwahi kunyoosha mkono wakaanza kunyoosha. Alirudi kuupenda ualimu kama alivyoupenda mwaka wa kwanza.

Mwonja asali haonji mara moja. Katikati ya Novemba aliiomba hiyo programu imwandikie kijitabu cha kilimo cha alizeti kwa ajili ya klabu ya shule. Kilikuja kwa dakika kumi, kurasa nane, Kiswahili kimenyooka. Asnath alikuwa amechoka na mitihani ya kufunga mwaka. Alitazama jalada, akaliona zuri, akaandika jina lake chini, akapeleka kutoa kopi. Hakukisoma. Ukurasa wa tatu uliagiza alizeti ipandwe mwanzoni mwa masika, mwezi wa Machi. Huko kwenye mvua mbili, za vuli na za masika, labda. Singida mvua ni moja, inaanza mwishoni mwa Novemba na Aprili imeshaaga, na hata Asnath aliyekulia Itigi kwenye nyumba za reli alilijua hilo vizuri kabisa.

Nakala ya kwanza alimpa Chediel. Walikuwa wamekaa kando ya ziwa Singidani, upepo unapiga. Chediel alisoma kurasa zote, kwenye ule wa tatu akakaa sana, akameza mate kama mtu anayetaka kusema jambo. Kisha akakikunja na kukitia mfuko wa shati.

"Umeandika vizuri, mwalimu," alisema.

Desemba ikapita, Januari ikapita. Asnath akimwuliza habari za shamba, alijibiwa kwamba lipo, linasubiri. Naye alidhani ni maneno ya mapenzi.

Mwishoni mwa Februari shule iliitisha kikao cha wazazi. Asnath alimwalika Chediel aje kuwaeleza habari za kukamua mafuta, naye akaketi viti vya mbele pamoja na wageni, shati lile lile la bluu. Kabla hajaitwa, alisimama bibi mmoja wa Ikungi, Febronia, amejifunga kanga mbili, kijitabu cha klabu mkononi. Aliamkiwa na ukumbi mzima kwanza, maana ni mkubwa, akaitikia marahaba. Kisha akauliza kwa upole ni mwalimu gani huyu anayepanda alizeti Machi, wakati Machi alizeti imeshachanua na ndege wameanza kuitolea macho.

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Walicheka wazazi, wakacheka walimu, hata mkuu wa shule, Mwalimu Antipasi, aliuficha mdomo kwa leso. Asnath alihisi uso unawaka. Alimtafuta Chediel kwa macho. Chediel hakucheka. Alikuwa amesimama, kofia mkononi, anaelekea mlangoni, na hakugeuka.

Hicho ndicho kilichomuumiza. Watu kukucheka ni jambo la siku mbili, lakini mpenzi wako kuona haya kukaa ukumbi mmoja na wewe ni jambo la kuamka nalo kila asubuhi. Alipiga simu mara mbili, ikaita hadi ikakatika. Kesho yake ulikuja ujumbe mfupi: "Nipo salama mwalimu. Kazi nyingi." Jenipher alisema wanaume ndivyo walivyo, hawapendi kuaibika kwa ajili ya mwanamke. Asnath alifuta namba, kisha akagundua anaijua kwa kichwa.

Mwalimu Antipasi alimwita ofisini. Asnath aliamkia, akasimama akisubiri kuambiwa aachane na mambo ya mashine. Mzee alimwambia kikao cha walimu wa wilaya ni mwisho wa Machi, na zamu ya kufundisha somo la mfano ni ya shule yao. "Wewe ndiye utakayefundisha," alisema. "Ukija na kijitabu kingine kizuri kama kile, sitakutetea. Ukija na ulichojifunza kutokana na kile, nitakaa mbele."

Asnath alilia kidogo, kisha akakaa chini akafikiri. Mashine aliilaumu siku moja tu. Ya pili alikubali kwamba mashine haikutia sahihi, sahihi ilikuwa yake. Akaamua hivi: kila mwanafunzi aiulize programu swali moja la kilimo, kisha swali hilo hilo amwulize mkulima mmoja wa nyumbani, alete majibu yote mawili darasani. Yeye mwenyewe angefanya zoezi lile lile kabla ya wanafunzi. Na akajiambia anahitaji jibu kutoka Iguguno, kule Mkalama, kwa ukamilifu wa kazi. Mwongo. Alitaka kumwona Chediel.

Katikati ya Machi alishuka Iguguno. Kandokando ya barabara alizeti ilikuwa ya manjano tupu, vichwa vimetazama upande mmoja. Alielekezwa nyumbani kwa mama yake Chediel, Mama Marietha, akapiga goti, akasema shikamoo. Mama aliitikia, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza kama yeye ndiye mwalimu wa Ikungi. Kisha bila neno jingine akamwongoza nyuma ya nyumba.

Pale katikati ya manjano ya majirani palikuwa na ekari mbili tupu. Zimelimwa vizuri, zimeota magugu.

"Desemba nilimwambia apande," alisema mama. "Akaniambia tusubiri Machi, mwalimu ameandika. Nikamwambia mwanangu, mvua hii haijui kusoma. Akanionyesha jina lako."

Aibu ilimshika Asnath pamoja na mapenzi na hasira, zote kwa mara moja, na hakujua ianze ipi. Aliomba aonyeshwe mashine ya kukamua ilipo.

Chediel alikuwa anafagia mashudu ya alizeti chini ya mashine, mikono inang'aa mafuta. Alipomwona alisimama wima, kama mtoto mwalimu anapoingia darasani.

"Ulijua," Asnath alisema. "Siku ile ziwani, ulijua nimekosea."

"Nilijua. Alizeti nilianza kuipanda nikiwa na miaka saba."

"Sasa kwa nini ulinyamaza? Kwa nini ukaacha shamba?"

Chediel aliweka ufagio chini. "Nikiwa darasa la sita nilimwambia mwalimu kwamba amekosea hesabu ubaoni. Alikuwa amekosea kweli. Nilichapwa mbele ya shule nzima. Tangu siku hiyo mwalimu akiandika, mimi nasoma. Nikasema labda kuna mbegu mpya, wasomi wana mambo yao. Nami ni nani wa kukusahihisha."

"Na kikaoni uliniacha peke yangu. Ulinionea aibu."

"Aibu ilikuwa yangu. Ukumbi mzima ulicheka kwa sababu hakuna hata mmoja aliyekiamini. Nilikiamini mimi tu. Niliona nikikaa pale watanisoma usoni."

Asnath aliketi juu ya gunia. Alimwambia ukweli ambao hakuwa amemwambia mtu: kwamba hakukiandika, hakukisoma pia, alitia jina tu. Alisema msimu mzima wa mwenzake ameula kwa kalamu moja. Chediel alitaka kusema si kitu, Asnath akamkatiza.

"Ni kitu. Nakupenda, Chediel, na ndiyo maana naogopa. Siwezi kuolewa na mwanafunzi wangu. Nikikosea na wewe ukanyamaza, siku moja tutakosa zaidi ya ekari mbili."

Chediel alimsindikiza hadi kituoni, na kabla basi halijaondoka akamwambia jibu lake kwa ajili ya darasa: alizeti ipandwe Desemba hadi katikati ya Januari, na anayechelewa asimlaumu Mungu. Asnath aliandika neno kwa neno.

Siku ya somo la mfano, walimu wa wilaya walijaa darasani Ikungi, wamejipanga hadi madirishani. Asnath aliandika ubaoni jibu la programu, na pembeni yake majibu ya wakulima. Wanafunzi walisimama mmoja mmoja wakisema lipi linakubaliana na lipi linapingana, na kwa nini. Kisha waliiuliza programu tena mbele ya wote, safari hii wakiitajia mvua za Singida, nayo ikajirekebisha. Mwalimu mmoja aliuliza si afadhali kuiacha kabisa. Asnath alisema hapana, inamsaidia kila siku, ila sasa anaichukulia kama mwanafunzi hodari ambaye hajawahi kushika jembe: husikilizwa, kisha husahihishwa. Akaeleza bila kuficha jinsi kijitabu kilivyotoka na jina la nani lilikuwa chini yake. Bibi Febronia aliyealikwa alipiga makofi wa kwanza. Mwalimu Antipasi alikuwa amekaa mbele.

Chediel alikuwa amekaa nyuma kabisa. Walipotoka walipita sokoni, ilikuwa siku ya mnada, watu wamejaa na mbuzi wao. Alisema anataka kumtuma mjomba wake Kefa aende Itigi, kwao Asnath, apeleke barua ya posa.

Moyo wa Asnath uliruka. Alisema amtume, hata wiki hii. Akaanza kupanga hapo hapo, kama walimu wanavyopanga: harusi iwe Desemba hii, shule zikifungwa, likizo ni ndefu, ndugu zake wa reli watakuwa na nafasi, kwaya ipo. Alizungumza hadi akagundua kwamba anazungumza peke yake. Chediel alikuwa amesimama, anameza mate kama siku ile kando ya ziwa.

"Hapana, Asnath," alisema.

Asnath akasimama. Kinywani mwa Chediel hakuwahi kulisikia jina lake.

"Desemba tunapanda," Chediel aliendelea, sauti ikimtetemeka kidogo. "Mwaka huu nimeshakosa, sikosi tena. Tuoane Juni ya mwakani, alizeti ikiwa ndani na shule mmefunga."

Asnath alihesabu kwa vidole. Miezi kumi na tano. Ilimuuma, hakuficha, na machozi yalimtoka mbele ya wauza mbuzi, lakini alikuwa anacheka.

"Sema tena," alimwambia.

"Juni ya mwakani."

"Si hiyo. Ile ya kwanza."

Chediel alimshika mkono mbele ya mnada mzima.

"Hapana, Asnath," alisema, na safari hii sauti haikutetemeka.