Ng'ombe wa Bochaberi

Mvua ya Kisii haibishi hodi. Siku hiyo ya soko, mwaka wa 1972, ilimwagika mjini wakati watu wamejaa tele, na kila mwenye miguu akakimbilia baraza za maduka. Kwenye baraza moja alisimama Kemuma, karani wa duka la vitambaa, ndani ya gauni la manjano na viatu vya visigino virefu, nywele zake za afro amezifunika kwa mfuko wa nailoni. Kijana mmoja akaja mbio na gunia begani, akateleza, gunia likafunguka, na kiboko wa jiwe akatua juu ya kidole cha mguu wa Kemuma.

"Mama yangu we!" Kemuma akaruka. "Umebeba nini humo, mlima wa Manga?"

"Pole sana, dada. Ni viboko, twiga na vinara vya mishumaa. Navitoa kwetu Tabaka, kwa wachonga mawe."

"Na huyu kiboko amefunzwa kukanyaga watu?"

"Ameona gauni akachanganyikiwa. Hata mimi niliyemchonga nimechanganyikiwa."

Kemuma alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka. Kucheka huko ndiko kulikomponza.

Kijana aliitwa Jethro Nyamweya. Alikuwa mrefu, suruali yake imepanuka miguuni kama ya wanamuziki, na vumbi jeupe la mawe lilikuwa limemganda kwenye nyusi hata mvua ikashindwa kulitoa. Alimwachia Kemuma yule kiboko awe fidia ya kidole. Kabla mvua haijakatika, alikuwa ameshapewa namba ya simu ya duka.

Akawa anapiga kutoka misheni ya Tabaka, kila alipopata ruhusa ya padri.

"Halo, duka la vitambaa?"

"Ndiyo, tukusaidie nini?"

"Nataka kitambaa cha manjano, na Kemuma awe ndani yake."

"Hicho hakikatwi kwa yadi, bwana."

"Basi nichukue jora zima."

"Jora lina wenyewe, wako Manga. Na leo ni Ijumaa, jua linazama. Sabato ikiingia, simu za Wakatoliki sizipokei."

"Nikuombee rozari basi?"

"Niombee Jumapili ifike haraka, mpenzi."

Mapenzi bwana! Yalipamba moto hadi wateja wakazoea kujipimia vitambaa wenyewe simu ilipolia.

Kisha ikaja Luksemburg. Mama mmoja wa Kizungu mwenye duka la sanaa huko kwao alipita Tabaka, akashika vinara vya Jethro, akavigeuza na kuvipapasa. Akasema mwaka ujao, kuanzia Krismasi hadi Pasaka, kungekuwa na maonyesho nchini kwake. Alimtaka mchongaji na mkewe, mume achonge na mke asugue, watu wakiwatazama. Nauli na malazi yangekuwa juu yake. Maana Tabaka ndivyo kazi ilivyo: mwanamume hutoa umbo, mwanamke hulipiga msasa ndani ya maji mpaka jiwe liteleze kama shavu la mtoto.

"Luksemburg iko wapi?" Kemuma aliuliza, wameinamia atlasi ya shule.

"Hii hapa. Nchi ndogo mpaka jina lake limekosa pa kukaa, wameliandika nje na kulichorea mstari."

"Sisi tutaenea kweli?"

"Tukibanana tutaenea."

"Ondoka hapa, mjinga wewe!" Akampiga kofi la mahaba begani.

Kila jioni ya kazi ikawa ni Luksemburg. Kemuma alifuma sweta mbili za rangi moja. Alimwambia fundi wa cherehani amshonee koti kutoka kwa blanketi zito, fundi akacheka hadi pini zikamtoka mdomoni. Na kila Jumapili alikwenda Tabaka kujifunza kusugua mawe.

Mwalimu wake alikuwa Bochaberi, dada wa pekee wa Jethro, msichana mwembamba mwenye mwanya na maneno mengi. Vinara vile alivyovipapasa mama wa Kizungu, Bochaberi ndiye aliyevisugua. Walikaa kando ya kijito, miguu majini.

"Wifi, unalibembeleza jiwe. Lisugue, halina haya!"

"Vidole vinatoka damu, Bochaberi."

"Vitakoma. Mwishoni shika msasa laini, usiwe na haraka. Na ukifika huko, uniletee theluji kwenye chupa."

"Itayeyuka."

"Basi nitakunywa maji yake, niseme nimefika Ulaya."

Lakini kulikuwa na Mzee Manasseh, babake Kemuma, mzee wa kanisa la Sabato. Alikuwa ameshamsamehe Jethro Ukatoliki wake. Ng'ombe hakuwasamehe.

"Luksemburg ni Luksemburg, na ng'ombe ni ng'ombe," alisema. "Binti yangu hapandi ndege kabla zizi langu halijapata wageni. Abner naye ataoa kwa nini?"

Abner alikuwa kakake Kemuma, mwenye mchumba aliyechoka kungoja. Kwa Wagusii, ng'ombe waliomwoa dada ndio wanaokwenda kumwolea kaka mke. Kila mtu alilijua hilo. Kemuma alilijua tangu utotoni, na hakuwahi kulitafakari hata siku moja.

Jethro hakuwa na baba wala ng'ombe. Miezi ikapita, Mzungu akaandika kuuliza, na Kemuma akaanza kulia kwenye simu. Ndipo siku moja:

"Mpenzi, kaa chini. Ng'ombe wamepatikana!"

"Wapi, Jethro?"

"Mungu ana zizi kubwa. Wewe maliza sweta."

Ng'ombe wakapanda Manga kwa vigelegele. Kemuma alilia kwa furaha, akampiga busu kiboko wa jiwe. Jumapili iliyofuata akateremka Tabaka na msasa wake mkobani. Kijitoni hapakuwa na mtu.

"Bochaberi yuko wapi, mama?" alimuuliza Nyaboke, mamake Jethro.

Bibi yule aliendelea kumenya ndizi. "Hawajakwambia? Ameolewa Nyacheki. Kwa Mzee Ombati, yule mwenye mashamba ya majani chai. Ni mke wa tatu."

Kemuma alifika Nyacheki siku iliyofuata, hakuomba hata ruhusa kazini. Alimkuta Bochaberi katikati ya chai, kikapu mgongoni, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu.

"Wifi! Umekuja na viatu hivyo kwenye tope hili?"

"Bochaberi, ulikubali?"

"Jethro alipiga magoti mbele yangu. Kaka yangu, mtu mzima! Ningesema nini?" Aliendelea kuchuma. "Ng'ombe wangu ndio waliokuoa, Kemuma. Usilie. Nenda ukaione hiyo theluji kwa macho yangu mimi."

Kemuma alilia njia nzima hadi mjini. Jioni akamkabili Jethro kwenye hoteli ya chai, na chai ikapoa mbele yao.

"Umemuuza dada yako kwa sababu ya ndege!"

"Sikumuuza! Nimemwoza. Ni mila, kila mtu huoa hivyo."

"Mila inamngoja msichana apate mchumba wake. Wewe ulimtafutia mzee mwenye ng'ombe walio karibu."

"Ni nani alikuwa akilia kwenye simu? Si wewe?" Jethro aligonga meza. "Na kakako Abner je? Ataoa kwa maombi ya Sabato?"

Kemuma akasukuma kikombe kando. Akasema, "Warudishe ng'ombe. Tungoje."

"Hujui? Baba yako aliwaswaga jana, wewe ukiwa Tabaka, kwa kina mchumba wa Abner. Leo bibi harusi ameshaingia nyumbani kwenu."

Maji yalikwisha kumwagika. Kemuma akimwacha Jethro, ng'ombe wangedaiwa, na mke wa Abner angerudishwa kwao akiwa na aibu isiyo yake. Alitazama vidole vyake vilivyochubuka kwa msasa.

"Nitakuwa mke wako, Jethro. Hilo limekwisha. Na nakupenda, Mungu anisamehe. Lakini Luksemburg siendi. Kila nitakachokula huko kitakuwa Bochaberi."

"Kemuma, mpenzi, tafadhali..."

"Nenda Nyacheki. Mwombe Ombati amwachie dadako mpaka Pasaka. Mwende naye, yeye ndiye fundi."

Jethro alikwenda. Mzee Ombati alimkaribisha chai, akamsikiliza kwa adabu, kisha akasema mke wake si jembe la kuazimana.

Harusi ilifungwa kimyakimya. Desemba Jethro akapanda basi la Nairobi peke yake, amevaa sweta moja kati ya zile mbili. Kemuma alimfunga vifungo vya koti.

Simu kutoka Luksemburg ilifika dukani mwezi wa pili. Ikawa Bochaberi yumo dukani, tumbo kubwa, amekuja kutafuta kitambaa cha mtoto.

"Kemuma! Mke wangu! Theluji inaanguka, ungeiona!"

"Huku ni mvua."

"Nimekukumbuka hadi naumwa."

"Na mimi pia, mume wangu." Machozi yakamtoka, hakuyaficha. "Dada yako yuko hapa. Ongea naye."

Bochaberi alishika simu kwa mikono miwili, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Kaka," alisema, "huko nani anakusugulia mawe?"

"Nayasugua mwenyewe."

"Yanang'aa?"

Kilio cha Jethro kilivuja kwenye simu hadi kwa Kemuma.

"Hayang'ai, Bochaberi."

"Shika msasa laini mwishoni," alisema dadake. "Usiwe na haraka." Akamrudishia Kemuma simu, akachukua kitambaa chake na kutoka nje, maana basi la Nyacheki lilikuwa likimngoja.