Asikande au Asikandwe?

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Siafu alipanga mikate kwenye trei huku mama yake akikanda unga wa duru ya pili. Jina la Siafu alipewa nyumbani kwa sababu ya hasira zake, maana ukimgusa tu, anauma. Mama alikuwa ameoka mikate kwa miaka mingi na unga wote aliukanda kwa mikono, mpaka fundo gumu kama kokwa likamkaa kati ya shingo na bega la kulia. Siku nyingine alishindwa hata kujifunga kitambaa kichwani.

Daktari wa kituo cha afya akapanga kumchoma sindano ya ganzi ndani ya fundo hilo ili msuli ulegee. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumanne alasiri. Baba alikuwa safarini kikazi, kwa hiyo Siafu ndiye aliyetakiwa kumsindikiza mama. Jumanne hiyohiyo, saa kumi, darasa lake lilikuwa na mechi ya netiboli, na mfungaji alikuwa yeye. Basi alinuna. Alinuna njiani, akanuna kwenye benchi la wagonjwa, mdomo umevimba hata ungeweza kutundika ndoo.

Baada ya sindano mama alishikwa na kizunguzungu, akalazwa kidogo apumzike. Nesi akatoka na kumkuta Siafu mlangoni.

"Mama yako yuko salama, kizunguzungu ni kawaida," akasema. "Ila karatasi za maelekezo zimetuishia. Una daftari?"

"Ninalo."

"Andika basi, mwanangu. Bega litauma siku moja mbili, na panaweza kuvilia damu kidogo. Siku tatu asikandwe. Mkono autumie taratibu, asiulaze tu. Aweke kitambaa cha maji baridi, siyo ya moto. Akipata homa, au bega likivimba sana, au akihema kwa shida, mrudi hapa mara moja. Umeandika?"

Siafu alishika kalamu, lakini macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi kasorobo. Karatasi mbele yake ilikuwa nyeupe pe.

"Nimeandika," akajibu.

Mechi hakuiwahi. Jioni, akiwa bado amefura, alifungua daftari akaandika alichokikumbuka: *Siku tatu asikande. Kitambaa cha maji.* Akamsomea mama kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Mama akatii. Kesho yake hakugusa unga, na mkono akaulaza mapajani kama kitu cha kuazima. Mchana akaja shangazi, dada wa baba, mwenye viganja vya kubomoa ukuta. Mtaa mzima ukiumwa mgongo ulimwita yeye.

"Pole, wifi yangu," akasema akikunja mikono ya gauni. "Wamesema usikande. Hawajasema usikandwe. Lete hilo bega."

Kitambaa cha maji kwa shangazi kilikuwa kitambaa cha maji ya moto, hakujua kingine. Alichemsha, akachovya, akakanda fundo lile mpaka mama akatokwa na machozi.

Alhamisi asubuhi bega lilikuwa limevimba, na weusi umeshuka mpaka karibu na kiwiko. Mama hakuweza kuinua hata kikombe. Shangazi akawaka, na Siafu akawaka zaidi yake.

"Yule nesi hajui kazi," Siafu akasema. "Amemharibu mama." Alimchukia nesi yule kwa bega la mama, na kusema kweli, alimchukia kwa mechi pia.

Shangazi akalikwapua daftari, wakaongozana wote watatu mpaka chumba cha daktari. Hakuketi. Alilibwaga daftari mezani.

"Soma mwenyewe, daktari. Mtoto ameandika alivyoambiwa. Nesi wako kamwambia wifi yangu asikande, basi, hakuna kingine."

Daktari akalikagua bega, akapima homa, hakuna. Kisha akamwita nesi. Nesi alisoma daftari, na uso wake ukabadilika.

"Sikusema hivi," akasema. "Nilisema asikandwe. Na nilisema maji baridi."

"Daftari halina uadui na mtu," shangazi akamjibu.

Hapo Siafu alilisikia neno lile kama lilivyotamkwa Jumanne. Asikandwe. Hasira yake yote kwa nesi ikakosa pa kukaa, ikamrudia mwenyewe, na mashavu yakamchoma.

"Kama uvimbe huu umeletwa na sindano peke yake," daktari akamwambia mama, "sitakuchoma tena. Itabidi uache kabisa kukanda mikate. Na wewe nesi, nitakuandikia barua ya onyo." Akamgeukia Siafu. "Uliandika wakati nesi anasema?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Shangazi alishasema, daftari lilishasema. Nesi hakumsihi. Alimkazia macho tu, na macho yale yalikuwa na hasira ya haki.

"Hapana," Siafu akasema. "Niliandika nyumbani. Aliponiuliza nilisema nimeandika, lakini nilikuwa sijaandika hata neno moja. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya mechi. Alisema asikandwe. Mimi ndiye niliyekosea."

Shangazi akaviangalia viganja vyake. "Mimi ndiye niliyemkanda, tena kwa maji ya moto," akasema.

"Basi damu imevilia kwa kukandwa na maji ya moto," daktari akasema, akaisogeza kando karatasi ya barua. "Wiki mbili itaisha. Bega likipona tutaendelea na sindano, na mikate utaoka."

"Nisamehe, dada nesi," Siafu akasema.

"Na mimi sikukwambia unisomee, hilo ni kosa langu," nesi akajibu. "Lakini ulinidanganya usoni. Nimekasirika, na nitakasirika mpaka jioni. Fungua daftari."

Akamwandikisha upya maelekezo yote. Siafu aliandika na kusoma kila neno kwa sauti, mbele ya shangazi.

Njiani mama alitembea akiwa ameshika kiwiko chake. Siafu alivumilia, mwisho akauliza, "Mama, umenikasirikia?"

"Sana," mama akasema. "Na wewe Jumanne ulikuwa na haki ya kukasirika, mechi yako ilikuwa muhimu. Ungenuna mpaka kesho, mwanangu, lakini ukaandika. Au ungesema, 'Sikusikia, naomba urudie.' Kukasirika si kosa. Kosa ni kusema nimeandika, na hujaandika. Mkono wangu una dawa, utapona. Yule dada angeharibiwa jina na kazi yake kwa uongo wako, dawa yake ungeitoa wapi?"

Siafu akafungua daftari, akaukata kwa kalamu mstari wa Jumanne, kisha akaanza kumsomea mama maelekezo mapya, neno kwa neno.